Ua la Italia ukutani, ua la Taita msituni

MTEJA anayezuru maduka ya kupamba nyumba jijini Nairobi au Mombasa huenda akaonyeshwa kitabu kinene cha sampuli za karatasi za ukutani. Miongoni mwake zimo zenye nakshi ya mimea: majani mapana yanayojikunja, komamanga lililopasuka likaonyesha punje, mashina yanayopanda kwa mshazari, yote kwa rangi zilizofifia mithili ya kitambaa kilichorithiwa kwa bibi. Akiuliza asili yake, ataelezwa kwamba ruwaza hizo zimetokana na vitambaa vya kale vya Italia. Maelezo hayo ni sehemu ya bei.

Katika vilima vya Taita, nje ya mji wa Voi, wakazi wa Mraru hawahitaji kitabu cha sampuli ili kuona jani au ua. Kaunti yao ya Taita-Taveta ina ua ambalo halijulikani kuota porini mahali pengine popote duniani. Ina pia mashamba makubwa ya mkonge, mmea ambao nyuzi zake hufumwa ughaibuni zikawa mapambo ya kuta. Hata hivyo, ni vigumu kupata katika vitabu hivyo vya sampuli nakshi inayotajwa kuwa ya Taita.

Kwa nini ua lililochorwa Italia liwe bidhaa, ilhali la Taita limebaki kuwa ua tu? Historia ya karatasi hizo inaonyesha kwamba jibu halimo katika uzuri wa maua. Limo katika daftari.

Komamanga la ugenini

Ufumaji wa hariri ulistawi katika mji wa Lucca, kaskazini mwa Italia ya kati, katika karne za 13 na 14. Mafundi wake hawakuanza na maua ya mashambani kwao. Walitazama hariri zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka China, Uajemi na Bizanti, wakaiga ndege, majani na mayungiyungi waliyoyaona humo, kisha wakayageuza kulingana na mapenzi ya wateja wao.

Kufikia karne ya 15, miji ya Florence, Venice na Genoa ilikuwa ikifuma mahameli ya thamani kubwa yaliyopambwa kwa komamanga. Tunda hilo ndilo lililokuja kuwa alama ya kitambaa cha Italia, ingawa asili ya mti wake ni Uajemi na nchi zinazopakana nayo. Waswahili nao walilipokea tunda lilo hilo kwa njia ya bahari, na jina lake bado linabeba neno Manga, ambalo kwa wazee wa Pwani lilimaanisha Uarabuni, hasa pande za Omani.

Ruwaza hizo hazikupotea mahameli yalipochakaa. Mapema katika miaka ya 1920, Mariano Fortuny, msanii mzaliwa wa Uhispania aliyeishi Venice, alifungua kiwanda katika kisiwa cha Giudecca na kuanza kupiga chapa nakshi za kale juu ya pamba, kwa namna iliyofanya kitambaa kipya kionekane cha zamani. Mjini Prato kuna makumbusho maalumu ya vitambaa, na huko Como, kitovu cha hariri ya Italia, kuna hazina nyingine ya vitambaa na vitabu vya sampuli. Mchoraji wa leo anayetaka nakshi ya karne ya 16 hana haja ya kubuni. Anafungua kabati.

Ndugu wawili, mezzaro na leso

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki unatoka Genoa. Wanawake wa mji huo wa bandari walikuwa wakijitanda kitambaa kikubwa cha pamba kilichoitwa mezzaro. Jina hilo linatokana na neno la Kiarabu, mizar, yaani nguo ya kujifunika. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, viwanda vya familia za Speich na Testori vilitengeneza mezzaro zilizopata sifa kubwa. Katikati palisimama mti mmoja mkubwa wenye maua, matunda na ndege, na pembeni pakazungushiwa upindo wa majani.

Mti huo haukuwa wa Italia. Uliigwa kutoka vitambaa vya pamba vya India, vilivyochorwa kwa mkono hasa katika pwani ya Coromandel na kuuzwa Ulaya kwa wingi katika karne za 17 na 18. Mafundi wa Genoa walichonga vibao vya mbao, wakavichovya rangini na kuvigonga juu ya pamba, kibao kimoja baada ya kingine, hadi mti ukakamilika.

Mwanamke wa Voi au Mombasa anayejitanda leso ana nguo ya ukoo uo huo. Katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyokuwa havijakatwa, wakavishona pamoja kupata nguo moja pana. Jina leso lenyewe ni la Kireno. Baadaye nguo hiyo ilianza kupigwa chapa ikiwa nzima, ikiwa na pindo kuzunguka, mji katikati na, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, jina, yaani msemo. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, ni miongoni mwa zilizoipa sifa.

Nakshi ya korosho, ambayo wengi huiona kuwa ya Kiswahili kabisa, ni umbo lile lile ambalo India huliita embe na ambalo Uajemi ililitumia kabla ya hapo. Genoa ilichukua mti kutoka India, na Mombasa ikachukua korosho. Tofauti ni kwamba mezzaro za Genoa zimehifadhiwa katika makumbusho, zikiambatanishwa na majina ya viwanda vilivyozitengeneza, wakati leso nyingi za zamani za Pwani zilivaliwa, zikabebewa watoto, zikawa matambara.

Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Kitambaa kilivyogeuka karatasi

Karatasi ya ukutani ilizaliwa kama mbadala wa kitambaa. Matajiri wa Ulaya walitundika hariri, mahameli na mazulia kwenye kuta za mawe ili kupunguza baridi. Wasioweza kumudu gharama hiyo walibandika karatasi iliyopigwa chapa ionekane kama kitambaa. Hata mahameli yaliigwa: karatasi ilipakwa gundi kwa umbo la nakshi, kisha ikanyunyiziwa vumbi la sufu, na likaganda pale penye gundi pekee.

Aliyeipa nakshi ya mimea heshima mpya ni Mwingereza William Morris. Mwaka 1883 makumbusho ya South Kensington mjini London, ambayo leo huitwa Victoria and Albert, yalipata kipande cha mahameli ya Italia ya karne ya 17 chenye shina linalopanda kwa mshazari. Muda mfupi baadaye, mashina ya namna hiyo yakajitokeza katika vitambaa vya Morris vilivyopewa majina ya mito, kikiwamo Evenlode, na pia katika karatasi yake ya ukutani ya mwaka 1884 iitwayo Wild Tulip. Kipande kimoja kilichohifadhiwa kilizaa biashara nzima katika nchi nyingine.

Siri ya nakshi hizo ni hesabu. Mchoraji hachori ukuta mzima. Huchora kipande kimoja ambacho ncha ya juu huungana na ncha ya chini, na upande wa kulia hukutana na wa kushoto, hata jani lililokatika ukingoni mwa karatasi moja likamaliziwa na karatasi ya pili. Shina la mshazari husaidia kuficha kiungo, kwa sababu jicho hulifuata shina badala ya kutafuta mahali nakshi inapoanza upya.

Mnunuzi asiyeijua hesabu hiyo hupata hasara. Roli ya kawaida ya Ulaya ina urefu wa mita 10.05 na upana wa sentimita 53. Chumba cha futi 12 kwa 10 kina mzunguko wa takriban mita 13.4, hivyo kinahitaji vipande 26 vya karatasi bila kutoa nafasi ya milango na madirisha. Iwapo ukuta una kimo cha mita 2.4 na karatasi haina nakshi, roli moja hutoa vipande vinne, na roli 7 zitatosha. Lakini nakshi inayojirudia kila sentimita 64 humlazimu fundi kukata kila kipande kwa mita 2.56 ili majani yakutane. Roli inatoa vipande vitatu tu, na chumba kile kile kinameza roli 9. Ua kubwa lina gharama ambayo haikuandikwa kwenye lebo.

Rangi iliyoua, unyevu unaoharibu

Karatasi za majani mabichi ziliwahi pia kuleta maafa. Katika miaka ya 1770 mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza rangi ya kijani yenye kung'aa kwa kuchanganya shaba na aseniki, ambayo ni sumu. Rangi hiyo na nyinginezo za jamii yake zilitumika sana katika karatasi za karne ya 19, na watu wakaugua katika nyumba zenye unyevu. Ni mwanasayansi wa Italia, Bartolomeo Gosio, aliyeonyesha katika miaka ya 1890 kwamba kuvu inayoota juu ya karatasi za aina hiyo hutoa gesi yenye aseniki. Rangi hizo zimekwisha kuachwa.

Aseniki imeondoka, lakini kuvu ingalipo. Katika Pwani yenye unyevu, karatasi isiyopitisha hewa ikibandikwa juu ya ukuta usiokauka hufungia maji nyuma yake, na madoa meusi huanza kutokea kwenye viungo. Voi ni kukavu zaidi, lakini huko kuna mchwa, ambao hula karatasi na gundi ya wanga kama wanavyokula mbao. Ukuta unaofaa ni uliopigwa lipu laini, ukakauka kabisa na kupakwa rangi ya msingi. Ukuta wa matofali matupu au wa udongo haufai.

Kuta zilizojua nakshi zamani

Haimaanishi kwamba nakshi ya ukutani ni jambo geni Afrika Mashariki. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, mafundi walichonga lipu ya chokaa ikawa safu za zidaka zenye maua na majani. Milango ya Zanzibar, Lamu na Mombasa ina mayungiyungi na mitende iliyochongwa katika mbao. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi wenye ujuzi wa kurithishana, na mengi ya majina yao hayakuandikwa popote.

Barani nako, familia nyingi zilibandika kurasa za magazeti na kalenda kuukuu kwenye kuta za udongo kwa uwanga wa unga. Kurasa hizo zilizuia vumbi na upepo, zikang'arisha chumba, na watoto wengine walijifunzia kusoma hapo. Sababu zilikuwa zile zile za Ulaya: kuziba baridi, kuficha nyufa na kuupa ukuta uso.

Ua la Mbololo

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika eneo la Usambara, ambalo sasa ni Tanzania, mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Mbegu zake zilifika Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia, kwa heshima ya jina la familia ya baron. Leo mimea iliyozalishwa kutokana na ukoo huo huuzwa katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na picha yake imechapishwa katika vikombe, vitambaa na karatasi zisizo na idadi.

Ndugu yake mmoja yuko Taita. Saintpaulia teitensis, ambayo wataalamu sasa wanaiweka katika jenasi ya Streptocarpus, huota porini katika msitu wa Mbololo pekee. Msitu huo ni kipande cha takriban hekta 200 kilichobaki juu ya kilima, kati ya vipande vichache vya msitu wa asili vilivyosalia Taita. Ua hilo hutegemea ukungu, kivuli na mawe yenye unyevu. Miti ikikatwa, kivuli huondoka, na ua hufuata.

Mkonge una historia iliyo kinyume. Huo ulikuja kutoka nje. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta Tanganyika miche kutoka Florida, na kati ya 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na mwanzo huo zao hilo lilienea hadi Kenya, na Mwatate kukawa na mojawapo ya mashamba makubwa ya mkonge nchini. Nyuzi zake husukwa vikapu na wanawake wa Taita-Taveta. Katika viwanda vya nje, nyuzi hizo hizo hufumwa, zikabandikwa juu ya karatasi na kuuzwa kuwa mapambo ya kuta ya bei ya juu.

Hivyo basi kaunti ina ua lake na ina uzi wake. Hata ufundi wa kupiga chapa haujakosekana: katika eneo la Rukinga, karibu na Maungu, kampuni ya Wildlife Works iliyoanzishwa mwaka 1997 ina kiwanda cha nguo ambacho pia huchapa michoro kwa fremu za kitambaa chembamba. Katika njia hiyo kila rangi huhitaji fremu yake, kwa hivyo ua la rangi sita hudai fremu sita. Mashine za kisasa zinazochapa moja kwa moja kutoka kwa kompyuta zimeondoa gharama hiyo, na sasa inawezekana kuchapa roli chache bila kuagiza mamia.

Sheria inamlinda aliyeandika

Je, mchoraji wa Taita anaweza kulinda kazi yake? Sheria zipo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mchoro hulindwa katika uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka huo huo huruhusu ruwaza mpya kusajiliwa kwa miaka 5, na usajili unaweza kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali kulinda maarifa ya wenyeji kuhusu mimea na viumbe.

Hakuna awezaye kusajili ua lenyewe. Yeyote ana ruhusa ya kuchora ua la Mbololo, awe Wundanyi au Milan. Kinacholindwa ni mchoro mahususi wa mtu mahususi, na mchoro usiokuwapo haulindwi. Nakshi za kale za Italia hazina tena hakimiliki, lakini mchoraji wa Como anayezirekebisha leo anapata haki mpya juu ya marekebisho yake.

Kenya imewahi kuonja hatari ya kuchelewa. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, kama chapa yake ya biashara nchini humo. Wauzaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Uingereza linalotetea biashara ya haki, walipinga, na ombi hilo halikufaulu. Lakini ilibidi wathibitishe kwamba neno linalojulikana na kila mvuvi wa Pwani halikuwa mali ya mtu mmoja.

Basi lililojaa

Mraru ina funzo lake katika jambo hili, ingawa halihusu maua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake wa huko walitaabika kufika Voi. Mabasi yaliyopita yalikuwa yamekwisha kujaa, na mwenye mazao ya kuuza au mtoto mgonjwa aliachwa kando ya barabara. Hawakuishia kulalamika. Walijiunga katika kikundi, wakachanga kidogo kidogo, wakaongezea mkopo, na katikati ya muongo huo wakanunua basi lao wenyewe. Faida iliwasaidia baadaye kuanzisha shughuli nyingine, ikiwamo duka.

Kisa hicho kinajulikana leo kwa sababu kiliandikwa. Mwaka 1980 kilichapishwa New York katika mfululizo wa vijitabu vya SEEDS, na kikasomwa na vikundi vya wanawake katika nchi nyingine. Kama kisingaliandikwa, kingebaki katika kumbukumbu za wazee wachache.

Biashara ya nakshi za mimea nayo ni basi linalopita likiwa limejaa komamanga la Uajemi, mti wa India na mashina ya Genoa. Wenye kulimiliki hawakuwa na maua mengi kuliko Taita. Walichora walichokiona, hata kama kilitoka ugenini, wakakiweka kabatini na kuandika jina la aliyekichora. Hatua ya kwanza haihitaji kiwanda. Mwalimu wa sanaa, wanafunzi wake, wasukaji wa vikapu na mwenyeji anayeyajua majina ya mimea kwa Kitaita wanaweza kuianza kwa penseli, karatasi na daftari lenye tarehe.

Ua la Mbololo halitangoja daima. Msitu ukiisha kabla halijachorwa na mtu wa Taita, picha yake itapatikana bado, lakini itanunuliwa kwa roli.